Pampu ya Shemeji

Tangu siku kaka yake aliporudisha gari, Rumondang alikuwa akinusa petroli. Aliinusa kwenye kitambaa cha kichwa, aliinusa kwenye magunia ya vitunguu, na wakati mwingine aliapa anainusa hata kwenye wali. Kila alipomwambia mumewe, Marolop alijibu vilevile.

"Ni pampu mpya, Mama Togu. Itazoea."

"Pampu inazoea? Kwani ni bibi harusi?"

Marolop alinyamaza. Alikuwa bingwa wa kunyamaza.

Gari lenyewe lilikuwa pikapu la kijani, kuukuu, lililoingia katika nyumba hiyo kabla Rumondang hajaingia. Miaka yote lilibeba vitunguu kutoka bondeni Harian, likapanda kona za Tele zilizojikunja juu ya ziwa kama utumbo, hadi sokoni Dolok Sanggul. Pampu yake ya petroli ilikuwa ya kizamani: donge la chuma lililofungwa ubavuni mwa injini, lenye mkono uliosukumwa na injini yenyewe. Injini ikizunguka, pampu inavuta. Injini ikizimika, pampu inalala. Mwaka huo ngozi yake ya ndani ilipasuka. Marolop aligundua alipochomoa kijiti cha kupimia oili, akakinusa na kukunja uso. Petroli ilikuwa inavujia kwenye oili. Akasema vitunguu vikishauzwa watanunua pampu nyingine ya aina ileile, na kwa sasa gari lipumzike.

Halikupumzika. Jonggi, kaka mkubwa wa Rumondang, alikuja kuliazima akabebe viti na masufuria ya harusi. Marolop alimweleza habari ya pampu. Jonggi akacheka, akasema hilo aachiwe yeye. Aliliondoa gari Ijumaa, akalirudisha Jumatatu akipiga honi toka kwenye daraja. Aliposimama uani alifungua boneti kama mtu anayefunua sahani ya pilau mbele ya wageni.

"Njoo uone, shemeji! Pampu ya umeme hiyo. Ya gari la kisasa. Ile takataka yako nimeiziba midomo, ikae hapo kama kumbukumbu."

Karibu na betri paling'aa kopo jembamba la chuma, limefungwa kwa waya wa kuanikia nguo. Nyaya mbili zilitoka kwenye betri, zikapita chini ya usukani hadi kwenye swichi ndogo nyeupe, ile ya kuwashia taa ya chumbani.

"Ukitaka kwenda, bonyeza. Ukifika, bonyeza tena. Hata mama yako anaweza."

Rumondang alimtazama mumewe. Aliona namna macho yake yalivyosita kwenye kabureta, yakarudi kwenye kopo, yakasita tena. Alijua mtazamo ule. Ndio aliokuwa nao alipoonja mchuzi ulioharibika nyumbani kwa watu.

"Asante sana, shemeji," Marolop akasema, akampa mikono yote miwili.

Kwa Wabatak, watu wa ziwa lile, aliyekupa mke si mtu wa kujibizana naye. Yeye, baba yake, kaka zake, ukoo wake mzima, kwako ni mungu anayeonekana kwa macho. Baraka za mashamba na watoto zinapitia mikononi mwao. Ukimkosea, mvua ikikataa kunyesha watu watakutazama wewe. Jonggi aliijua sheria hiyo kuliko amri kumi za kanisani, na aliitumia kuliko koti lake.

Basi likawa hilo. Wakaendelea kunusa petroli.

Siku ya soko walipakia vitunguu asubuhi, ukungu ukiwa bado juu ya ziwa. Mama yake Marolop alitaka kwenda mjini kuonwa meno, kwa hiyo alikaa mbele na mwanawe, na Rumondang akapanda nyuma juu ya magunia. Mlango wa upande wa bibi yule ulikuwa na ugonjwa wake wa siku nyingi, haukufunguka kwa ndani. Kila mtu bondeni aliujua, na kila mtu alikuwa amezoea kumfungulia kwa nje.

Katikati ya mpando gari likaanza kukohoa. Halikukohoa kwa njaa, kama lilivyokuwa likikohoa zamani, bali kama mtu aliyepaliwa na uji. Moshi mweusi ukatoka nyuma. Kisha Rumondang akaona hewa juu ya boneti inatetemeka, na rangi ya kijani ikaanza kufanya malengelenge mbele ya macho yake.

Akapiga paa la gari kwa ngumi. "Moto! Baba Togu, moto! Simama!"

Gari lilisimama kwa kishindo, magunia yakamsukuma. Hakumbuki alirukaje. Anakumbuka mlango wa mama mkwe, kitasa kikiwa cha moto, na uso wa bibi yule nyuma ya kioo, mdomo wazi, viganja viwili vimebandikwa kwenye kioo. Alivuta. Mlango ukagoma. Akaweka mguu ubavuni mwa gari, akavuta tena huku akitukana, akimtukana kaka yake kwa jina alilobatizwa, na mlango ukafunguka ukamtupa yeye na mama mkwe wote wawili kwenye changarawe.

Marolop alikuwa amezima ufunguo na kufungua boneti. Injini ilikuwa kimya. Lakini lile kopo la Jonggi lilikuwa bado linanguruma, linasukuma petroli kwa raha zake kwenye kabureta iliyokwisha kufurika, na petroli inamwagika kwenye moto kama mtu anayemwagia maua maji. Swichi nyeupe ilikuwa ndani, nyuma ya moshi. Marolop alitia mkono motoni, akashika nyaya, akazing'oa.

Penye kona palikuwa na rundo la mchanga la watengeneza barabara. Rumondang aliuchota kwa beseni, akamwaga, akachota, akamwaga, mpaka dereva wa lori la mbao akaja na sepetu na wakauzika ule moto pamoja. Alipogeuka alimwona mumewe amekaa pembeni ya barabara, ameushika mkono wake wa kulia kwa mkono wa kushoto, kana kwamba ni wa mtu mwingine na ameombwa kuushika kwa muda.

"Kiatu changu kimebaki ndani," mama mkwe akasema. "Na meno bado yanauma."

Hapo ndipo Rumondang alipolia, na hakuwa analia kwa huzuni.

Habari ilimfikia Jonggi kabla wao hawajarudi kutoka zahanati. Alikuwa kwenye kilabu cha tuak, pombe ya kugema, anacheza sataranji, na inasemekana hakuacha kete zake. Alisema mbele ya wote kwamba kabureta ile haijaoshwa tangu enzi za utawala wa Wajapani. Akasema pampu haina kosa. Akasema, na hili ndilo lililomfikia Rumondang likiwa bado moto, kwamba shemeji alisahau kubonyeza swichi.

"Alisahau kubonyeza!" Rumondang alikuwa anatembea jikoni, anashika sufuria, anaiweka, anaishika tena. "Gari linawaka, mama yake yumo ndani, yeye alitakiwa akumbuke kubonyeza!"

"Mama Togu, punguza sauti," Marolop alisema kutoka mkekani. Mkono wake ulikuwa umefungwa bandeji hadi kwenye kiwiko. "Watu wanapita."

"Wapite! Waingie wakae! Nitawapikia kahawa waendelee kusikia."

"Ni kaka yako."

"Ni kaka yangu, ndiyo maana naruhusiwa kumchukia. Wewe je? Wewe hasira zako umezificha wapi? Kwenye ghala? Niambie nikazitafute."

Marolop alitazama ukuta. Rumondang akatoka nje, akapasua kuni ambazo hazikuhitajika.

Moto, kwa bahati, ulikula mipira, nyaya na rangi, ukaiacha injini. Kabureta ilioshwa na kuonekana nzima, na nyaya zilizoungua zikabadilishwa. Jirani aliwavutia gari uani kwa trekta. Marolop akasema pampu ya kizamani ndiyo itakayorudi, na kwamba wasinunue kwa kubahatisha. Wachukue ile iliyokufa waende nayo, ilinganishwe ana kwa ana. Rumondang aliifungua kwa spana, akaitia kwenye mfuko wa plastiki. Kisha, bila kumwambia mtu, akatia na lile kopo la Jonggi lililoungua.

Walipanda lori la mbao hadi Dolok Sanggul. Duka la vipuri lilikuwa la mwanamke mnene mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, Mama Risda, aliyekuwa akiuza na kula ndizi za kukaanga kwa wakati mmoja. Rumondang alimimina mfuko wote juu ya kaunta.

Mama Risda hakuigusa pampu ya kizamani. Aliligusa lile kopo kwa ncha ya kidole chenye mafuta.

"Hiki nakijua. Nilikiuza mimi. Kimefanya nini?"

Marolop aliinua bandeji.

Mama Risda aliacha kutafuna. "Mungu wangu. Nilimwambia! Nilimwambia yule bwana, gari lako lina kabureta au halina? Akasema lina. Nikamwambia basi hii si yake. Hii ni ya magari yasiyo na kabureta, nguvu yake ni mara kumi na zaidi. Ni sawa na kumnyonyesha mtoto mchanga kwa mpira wa zimamoto! Akaniambia amefanya kazi viwandani Batam, hawezi kufundishwa na mwanamke wa dukani."

Siku zote hizo hasira ya Rumondang ilikuwa na tundu dogo la kupumulia, nalo lilikuwa hili: pengine hakujua. Kaka yake alikuwa mjuaji na mjinga, na mjinga husamehewa mwishowe kwa sababu hana kingine. Sasa tundu lile likazibwa.

"Umesikia?" akamuuliza mumewe.

"Nimesikia."

"Aliambiwa."

"Nimesikia, Mama Togu."

"Na utamwambia nini?"

Marolop alipangusa jasho kwa mkono wake mzima. "Tununue pampu kwanza."

Mama Risda, aliyekuwa na akili ya kutoingilia mambo ya mume na mke, aliweka vitu vitatu juu ya kaunta. Cha kwanza kilikuwa pampu mpya ya mfano wa ile ya zamani, nyepesi, inang'aa kama sahani ya mtoto. Cha pili kilikuwa kijisanduku cha umeme cha mraba. Hiki, alisema, kina nguvu ndogo, hakiwezi kuizamisha kabureta, wengi wenye magari makuukuu wanakipenda, hasa huku kwenye mipando ambako petroli hupata moto ikageuka mvuke ndani ya mpira. Cha tatu alikitoa rafu ya juu kabisa, kwenye boksi lililokuwa limebadilika rangi kwa vumbi.

"Cha umeme, hapana," Rumondang alisema kabla hajamaliza.

"Ukikifunga vizuri, na kikatio chake cha umeme, hakina neno."

"Sitaki kitu ambacho gari likifa chenyewe kinaendelea kuishi."

Wakabaki na viwili. Marolop alimwomba mkewe avilaze ubavu kwa ubavu na ile iliyokufa. Rumondang akavilaza, na hapo kila mtu aliona. Ile inayong'aa ilikuwa na mkono mfupi, umepungua karibu upana wa kidole, na ulikuwa umepinda kuelekea upande mwingine. Ungeifunga, ingekaa ubavuni mwa injini kama pambo, haigusi kitu. Ile ya boksi la vumbi ilikuwa nzito, mkono wake ulilingana na wa marehemu kwa urefu na kwa kupinda, na kifuniko chake kilifungwa kwa skrubu ambazo siku moja mtu angeweza kuzifungua akabadilisha ngozi ya ndani.

"Bei yake?" Marolop akauliza.

Mama Risda alitaja. Marolop akameza mate. Rumondang alikuwa amekwisha kuitia kwenye mfuko.

"Na gasketi zake," Mama Risda akasema, "na hiki kipande cheusi cha kuzuia joto la injini. Cha zamani msikirudishe, kimepasuka. Mipira hii hapa, ya petroli, si ya maji. Watu hufunga ya maji halafu inayeyuka. Na mwageni oili yote, hiyo iliyochanganyika na petroli itawala injini." Akafunga mfuko, akasita. "Yule bwana ni nani kwenu?"

"Ni shemeji yangu," Marolop alisema.

"Ohoo," Mama Risda akasema, kwa sauti ya mtu aliyepewa habari ya msiba.

Kesho yake walianza kazi uani. Mkono wa kulia wa Marolop haukuweza kushika hata kijiko, kwa hiyo mikono ilikuwa ya Rumondang na maneno ya Marolop, na hiyo si njia nzuri ya kufanya kazi kwa watu waliokasirikiana.

Kukwangua mabaki ya gasketi ya zamani kulikwenda salama. Oili ilimwagwa, nyeusi na nyepesi kama chai, ikatiwa mpya. Rumondang alipaka gasketi grisi, akaweka kile kipande cheusi, akaingiza mkono wa pampu kwenye tundu la injini na kushika bolti ya kwanza. Pampu ikamsukuma. Aliikandamiza kwa kiganja. Ikamsukuma tena, ikakaa upande.

"Kaza pole pole," Marolop alisema.

"Inakataa."

"Usiilazimishe, utakata meno ya bolti."

"Basi niifanyeje? Niiimbie?"

"Zungusha injini kidogo. Kuna tumbo kwenye ile shafti ya ndani ndilo linaloisukuma pampu. Sasa hivi tumbo limeelekea kwako. Weka spana kwenye ile puli ya mbele, zungusha mpaka ligeukie kwingine, pampu itaingia yenyewe."

Rumondang alijiinua taratibu, uso umejaa oili. "Ulijua hilo?"

"Nilijua."

"Ulijua tangu nilipoanza, ukanitazama nikipigana nayo?"

"Nilidhani utakuwa na bahati."

Aliitupa spana. Ilipita mbali na mumewe, ikapiga banda la kuku, kuku wakatawanyika wakipiga kelele, na mama mkwe, aliyekuwa kibarazani anatafuna tambuu, akavuta miguu yake juu ya kiti.

"Hivyo ndivyo ulivyo!" Rumondang alisema. "Unajua, unanyamaza! Ulifungua boneti siku ile ukajua. Nilikuona! Ulijua kopo lile si la gari hili, ukasema asante kwa mikono miwili! Kaka yangu amefunga pampu mbaya, sawa, ni mpumbavu mwenye kiburi. Lakini wewe ndiye uliyeendesha. Ulimpakia mama yako juu ya kitu ulichojua!"

Marolop hakujibu. Lakini safari hii kunyamaza kwake hakukuwa kule alikokuwa bingwa. Shingo yake ilivimba, na macho yakawa mekundu. Akainuka, akaenda hadi kwenye banda la kuku, akaokota spana kwa mkono wa kushoto, akairudisha, akamwekea kiganjani.

"Nilijua," akasema. "Zungusha."

Akazungusha. Pampu ikaingia mahali pake kwa ulaini uliomuudhi zaidi. Alikaza bolti, huku kidogo na huku kidogo, akavika mipira, wa kuingizia upande wa tangi na wa kutolea upande wa kabureta, akakaza klempu. Kisha Marolop akamwambia auchomoe kwanza mpira wa juu autie kwenye chupa. Aliingia ndani mwenyewe, akawasha kwa mkono wa kushoto. Injini ilizunguka na kuzunguka, chupa ikabaki kavu, na Rumondang akaanza kutafuta mtu wa kumtukana. Ndipo petroli ikaja. Ilikuja kwa mapigo, kidogo, ikapumzika, kidogo, ikapumzika. Wakaurudisha mpira, wakafuta kila kitu, wakangoja kuona kama patalowa. Hapakulowa. Injini ikawaka, ikatulia.

Walikuwa bado wameinama juu yake waliposikia mtu akibisha hodi kwa sauti ya kanisani.

Jonggi alikuja amevaa koti, na shuka la heshima begani. Nyuma yake alikuwa mkewe, Lamria, amebeba sinia la samaki wa kupikwa kwa viungo na sahani ya mchele mbichi. Rumondang alielewa mara moja. Watu wako wa ukweni wakinusurika na hatari, unakwenda kuwaita roho zao zirudi: unawalisha samaki, unawawekea mchele utosini, unasema maneno ya baraka. Ni jambo zuri. Yeye mwenyewe alishawahi kulia machozi aliposhikwa utosi hivyo na marehemu baba yake.

Mkeka ukatandikwa, kwa sababu hakuna awezaye kukataa kutandika mkeka. Marolop akakaa, mama mkwe akakaa, na Rumondang akakaa na oili yake usoni. Jonggi alipiga magoti, akachota mchele, akaunyanyua.

"Roho zenu ziwe ngumu kama mchele huu. Ajali iliyowapata isirudi tena..."

Rumondang aliweka kiganja juu ya utosi wake mwenyewe.

"Toa mkono, dada."

"Sitoi. Sema kwanza ulichoambiwa na Mama Risda."

Lamria alifunga macho. Mchele ulibaki hewani kwenye vidole vya Jonggi.

"Mama Risda ndiye nani?"

"Wa Dolok Sanggul. Mwanamke wa dukani, yule ambaye hawezi kukufundisha wewe uliyefanya kazi Batam."

Jonggi alishusha mkono. Uso wake ulipita rangi mbili tatu. "Unanihoji? Mbele ya mchele? Mimi ndiye baba yako sasa, mzee hayupo. Shemeji, mwambie mkeo anyamaze! Na tukisema ukweli, swichi aliisahau nani?"

Rumondang alikuwa amekwisha kufungua mdomo. Lakini aliyeongea alikuwa Marolop.

"Mama yangu alikuwemo, shemeji."

Hakupaza sauti. Ilikuwa inatetemeka, kama kamba inayovuta kitu kizito.

"Mlango wake haufunguki kwa ndani. Unaujua, umelitumia gari. Nimekuheshimu tangu siku niliyolipa mahari. Kuni nimekupasulia. Kwenye sherehe zako nimepika, nimebeba maji, nimekula mwisho, na nilifurahi kufanya hivyo, kwa sababu ndiyo kazi ya shemeji. Uliponiletea kile kitu nilijua kwamba ni kibaya, nikasema asante. Hiyo ni aibu yangu, na nitakufa nayo. Lakini wewe uliambiwa. Uliambiwa na mwenye duka, ukakileta nyumbani kwangu."

Jonggi alitazama sahani. Kisha akalipuka. "Haya, niliambiwa! Niliambiwa! Nilidhani anataka kuniuzia cha ghali! Mnajua ilivyo kuitwa mbele kila sherehe, kupewa heshima, na mfukoni hamna kitu? Nimerudi kutoka Batam na begi moja. Kila ninachokula kwenu nimepewa na wewe, shemeji, na unanipa kwa mikono miwili, siku zote kwa mikono miwili! Nilitaka mara moja mimi ndiye nitoe!"

Rumondang alihisi huruma ikimchoma mahali fulani chini ya mbavu. Ikamkasirisha zaidi, maana hakuwa ameialika.

"Ungetoa samaki," akasema. "Hawa hapa. Wangetosha."

Mama mkwe alikohoa, akavuta sinia karibu, akatazama samaki kwa jicho la mtu ambaye jino lake limeshang'olewa zahanati.

"Nitaendelea kukuheshimu, shemeji," Marolop alisema. "Ila gari langu usiliguse tena. Hata kufuta kioo."

Jonggi akainuka. Aliuacha mchele, akaliacha na shuka, akatoka uani akitembea upesi, koti linapepea. Lamria alibaki amepiga magoti. Alichota mchele mwenyewe, akamwekea mama mkwe utosini, akamwekea Marolop, na alipofika kwa Rumondang, Rumondang akaondoa kiganja.

"Wifi," Lamria alisema kwa sauti ya chini, "mimi nalala naye kitanda kimoja. Usinionee huruma, ila usidhani nyinyi ndio wenye hasira peke yenu."

Siku ya soko iliyofuata Rumondang ndiye aliyeendesha. Mkono wa Marolop ulikuwa unaota ngozi mpya, ya waridi, na alikaa nyuma na vitunguu. Mama mkwe alikaa mbele. Kwenye mlango wake Rumondang alikuwa amepitisha kamba, ukiivuta kwa ndani unafunguka. Gari lilinguruma sawasawa na halikunuka kitu zaidi ya vitunguu.

Chini ya mpando, penye kituo, walisimama Jonggi na Lamria na magunia mawili ya kahawa. Basi lilikuwa limekwisha kupita. Rumondang aliwaona toka mbali, akawa na muda wote wa kufikiri, na mguu wake ulikaa kwenye mafuta hadi hatua za mwisho. Kisha akakanyaga breki.

"Wifi apande mbele," alisema bila kumtazama kaka yake. "Wewe nyuma."

"Nyuma na mizigo?"

"Ngoja basi la jioni, basi."

Jonggi akapanda. Kwenye kioo Rumondang aliona mumewe akisogea, akimpisha shemeji mahali pazuri, pasipo na upepo, na akimpokea gunia kwa mkono wake mzima. Akasonya. Akatia gia, wakaanza kupanda.

Walipofika kwenye ile kona, lami bado ina doa jeusi, paa liligongwa.

"Dada!" Jonggi alikuwa ameinama hadi kwenye dirisha la nyuma. "Dada, punguza gia! Unaichosha injini! Batam tulikuwa..."

"Mungu wangu," Lamria akasema.

Hasira ilimpanda Rumondang toka vidole vya miguu, ileile, nzima, haikupungua hata tone. Mama mkwe alianza kucheka, mkono umeufunika mdomo, mabega yanamtikisika. Rumondang akafunga kioo cha nyuma kwa kishindo, akaiacha gia ilivyokuwa, akakata kona.